Barafu ilipofika Lukuga: mwendo wa dunia angani na mvua za bara la Pangea

Mto Lukuga unatoka katika ziwa Tanganyika pale Kalemie na kwenda magharibi kutafuta mto Lualaba. Katika bonde lake kuna makala ya mawe, ambayo yalichimbwa wakati wa koloni, sawa vile yalivyochimbwa pia Luena. Jambo hilo wengi wanalijua. Jambo lisilojulikana sana ni kile kinacholala chini ya makala hayo.

Chini yake kuna mwamba wa namna nyingine kabisa: udongo uliogeuka jiwe, na ndani yake kokoto ndogo, mawe ya ukubwa wa ngumi na mawe makubwa, yote yamechanganyika bila mpango. Mengine yamekwaruzwa ubavuni. Mtu aliyezoea mto atashangaa, kwa sababu mto haupangi mawe hivyo. Mto unachagua: mawe mazito unayaacha juu, mchanga unaushusha mbele, udongo laini unaupeleka mpaka maji yanapotulia. Barafu haichagui. Inabeba vyote, inavisaga pamoja, na siku inapoyeyuka inavitupa hapohapo.

Kumbe, karibu miaka milioni 300 iliyopita, barafu ilifika Kalemie. Haikuwa barafu ya kileleni tu kama ile ya Ruwenzori ambayo watu wa Mutwanga wanaiona asubuhi mawingu yakifunguka. Ilikuwa barafu ya nchi nzima. Alama zake ziko pia upande wa Walikale, na magharibi ya ziwa Kivu kuna mabonde ya zamani sana yaliyochongwa nayo. Wanajeolojia wameupa mwamba huo jina la mto wenyewe, Lukuga, na jina hilo liko katika vitabu vya dunia nzima.

Halafu barafu ikaondoka. Mimea ikaota katika mabwawa, hasa mti mmoja uitwao Glossopteris wenye majani kama ulimi, na mabwawa hayo ndiyo yaliyogeuka makala. Maswali ni mawili. Barafu ilikuja namna gani mahali ambapo leo watu wanalima muhogo? Na nani alikuwa anaiambia ije, irudi nyuma, kisha ije tena? Maana haikuja mara moja tu.

Swali la kwanza lina jibu fupi. Ardhi inatembea. Wakati ule Kongo haikuwa kwenye ikweta. Ilikuwa mbali sana kusini, ndani ya bara liitwalo Gondwana, pamoja na Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika. Gondwana ikagongana na nchi za kaskazini, na yote yakawa bara moja, Pangea. Bara hilo lilidumu, kwa hesabu ya jumla, tangu miaka milioni 335 hivi iliyopita mpaka lilipoanza kupasuka miaka milioni 200 iliyopita. Kulizunguka kulikuwa na bahari moja kubwa mno. Upande wa mashariki tu kulikuwa na ghuba pana iliyoingia ndani ya nchi kama mdomo uliofunguka.

Swali la pili ndilo refu, na jibu lake liko angani.

Dunia haiendi sawasawa

Shuleni mtoto anafundishwa kwamba dunia inazunguka jua kwa mwaka mmoja, na imeinama kidogo, ndiyo maana kuna majira. Ni kweli, lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kinachobaki vilevile siku zote.

Kwanza, umbo la njia yenyewe. Kuna wakati njia ya dunia inakaribia kuwa duara, na wakati mwingine inavutika kama yai. Inabadilika hivyo kwa mizunguko miwili mikubwa: mmoja wa miaka elfu 100 hivi, na mwingine mrefu zaidi wa miaka elfu 405. Leo njia imevutika kidogo tu. Mwanzoni mwa Januari dunia iko kilomita milioni 147 toka kwenye jua, mwanzoni mwa Julai iko milioni 152.

Pili, kule kuinama. Leo ni nyuzi 23 na nusu hivi, lakini kunapanda na kushuka kati ya nyuzi 22 na 24 na nusu, kwa miaka elfu 41.

Tatu, kuyumba. Pia ambayo watoto wanaizungusha chini haisimami wima. Kichwa chake kinachora duara polepole huku yenyewe ikizunguka haraka. Dunia nayo inafanya hivyo, na kwa sababu hiyo tarehe ya dunia kukaribia jua inahama ndani ya mwaka. Leo ni Januari. Miaka elfu 11 hivi iliyopita ilikuwa karibu na Julai. Mzunguko kamili unachukua miaka elfu 21 hivi.

Kuyumba huku kwa tatu ndiko kunakogusa mvua zaidi, na mfano wake uko Afrika hii hii. Wakati dunia ilipokuwa inakaribia jua katikati ya mwaka, jua la kiangazi cha kaskazini lilikuwa kali kuliko sasa. Ardhi ya Sahara ikapata moto, hewa ikapanda, na upepo wa bahari ukaja kujaza nafasi, umebeba mvua. Kati ya miaka elfu 11 na elfu 5 iliyopita Sahara ilikuwa na maziwa, viboko na majani. Watu walichora ng'ombe wao kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer, Algeria, mahali ambapo leo ng'ombe hawezi kuishi wiki moja. Kisha tarehe ikahama, upepo ukalegea, mchanga ukarudi.

Waliogundua habari hii hawakuwa na maisha mepesi. James Croll, Mskoti, alikuwa mtunza jengo katika chuo kimoja cha Glasgow. Alisoma vitabu vya maktaba ya hapohapo, na katika miaka ya 1860 akaandika kwamba umbo la njia ya dunia linaweza kuleta enzi za barafu. Baada yake alikuja Milutin Milanković, Mserbia. Vita vya 1914 vilimkuta akiwa katika fungate, akakamatwa. Baadaye aliruhusiwa kukaa Budapest na kufanya kazi katika maktaba, akaendelea na hesabu zake. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1941, katikati ya vita vingine. Wanajeolojia wengi hawakumwamini. Alikufa mwaka 1958 bila kuona ushindi wake: mwaka 1976 James Hays, John Imbrie na Nicholas Shackleton walionyesha katika tope la chini ya bahari kwamba barafu za miaka laki kadhaa iliyopita zilifuata mapigo yaleyale aliyoyahesabu.

Bara moja, upepo mmoja

Ikiwa kuyumba kidogo kwa dunia kulitosha kuijaza Sahara viboko, basi fikiria nini kingetokea kama nchi kavu yote ya dunia ingekuwa kipande kimoja, nusu kaskazini ya ikweta na nusu kusini.

Ndivyo Pangea ilivyokuwa. Nchi kavu inashika moto haraka na kupoa haraka, bahari inafanya yote polepole. Mwezi wa Julai nusu ya kaskazini ilikuwa inawaka, na upepo ulivuka ikweta kwenda kule. Mwezi wa Januari nusu ya kusini ilikuwa inawaka, na upepo uligeuka kabisa. Mwaka 1989 John Kutzbach na Robert Gallimore, wa Marekani, waliliingiza bara hilo katika kompyuta. Kutzbach ndiye aliyekwisha kueleza mvua za zamani za Sahara kwa njia hiyohiyo miaka michache nyuma. Kompyuta iliwaonyesha upepo wa majira mkubwa kuliko wowote unaojulikana leo, hata ule wa India. Pwani za ile ghuba ya mashariki zilipata mvua nyingi kwa msimu. Ndani ya bara, mbali na maji, kulikuwa na ukavu, joto la kutisha mwezi mmoja na baridi miezi sita baadaye.

Katika bara la namna hiyo, mwendo wa dunia angani ulikuwa na mahali pa kushika. Leo mabara yametawanyika, milima na bahari zinakatakata upepo. Pangea ilikuwa kama ngoma moja yenye ngozi pana, na kila pigo lilisikika mbali.

Hapo ndipo inafaa kurudi kwenye barafu ya Gondwana. Barafu ile ilikua na kupungua kwa mapigo ya angani. Kila ilipokua, ilifunga maji ya bahari, na bahari ikashuka. Kila ilipoyeyuka, bahari ilipanda na kufunika nchi za chini. Nchi hizo za chini wakati ule zilikuwa karibu na ikweta: Illinois na Pennsylvania za leo, Uingereza, Ukraine. Bahari ilipokuwa chini, misitu ya mabwawa iliota. Ilipopanda, misitu ilizama na kufunikwa na tope na chokaa. Kisha mito ikaleta mchanga, misitu ikaota tena. Ndiyo maana katika machimbo ya huko makala ya mawe yamepangwa kama mikate: makala, chokaa, mchanga, makala tena, makumi ya mara.

Mwaka 1936 Harold Wanless na Francis Shepard walisema wazi kwamba mikate hiyo ilipangwa na barafu ya nchi za kusini. Wengi walicheka. Miaka mingi baadaye, katika bonde la Donets huko Ukraine, vijiwe vidogo vya majivu ya volkano vilipimwa umri, na matabaka makubwa yakaonekana kurudia kila miaka elfu 400 hivi. Hilo ni pigo lilelile refu la njia ya dunia.

Kwa maneno mengine, makala yaliyoendesha viwanda vya Ulaya na Marekani yalipangwa kwa sehemu na barafu iliyokuwa imekaa Gondwana, na ukingo mmoja wa barafu hiyo ulikuwa Lukuga. Ni habari inayostahili kujulikana Kalemie kuliko inavyojulikana sasa.

Maziwa ya New Jersey

Barafu ikaisha. Mahali pazuri zaidi pa kusoma mapigo ya Pangea baada ya hapo si Afrika, ni Marekani, katika nchi inayokaa kati ya New York na Philadelphia. Wakati wa Triasiki, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, bara lilikuwa linaanza kuchanika pale. Mtu wa Bukavu au Uvira hahitaji kuelezwa sana: ulikuwa mpasuko kama huu wa Kivu na Tanganyika, mabonde marefu yanayozama, na ndani yake maziwa.

Tofauti ni kwamba maziwa yale yalikuwa yanajaa na kukauka. Yakijaa, yalikuwa na kina kirefu, na chini yake lilituama tope jeusi jembamba lenye samaki. Mwaka 1946, walipokuwa wanachimba msingi wa maktaba ya chuo kikuu cha Princeton, walikuta mamia ya samaki wa jiwe, jamaa wa yule silikanti ambaye wavuvi wa Komoro na Tanzania bado wanamtoa baharini. Maji yakipungua, tope lilikuwa la kijivu. Ziwa likikauka kabisa, tope lilikuwa jekundu, limepasukapasuka kwa jua, na juu yake nyayo za wanyama waliopita.

Nyeusi, kijivu, nyekundu. Nyeusi, kijivu, nyekundu. Franklyn Van Houten aliona mpango huo na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akasema kila mzunguko ni kuyumba kumoja kwa dunia, miaka kama elfu 20. Wakati ule dunia ilikuwa inayumba haraka kidogo kuliko leo, kwa sababu mwezi ulikuwa karibu zaidi. Mwezi unajitenga na dunia sentimita 3,8 kila mwaka, na siku ya Triasiki ilikuwa na masaa 23 hivi.

Paul Olsen alichukua kazi hiyo mbele. Kati ya 1990 na 1993 yeye, Dennis Kent na wenzao walitoboa ardhi mahali saba na kutoa zaidi ya mita 6,000 za mwamba, fimbo kwa fimbo, kisha wakaisoma kama mtu anavyosoma daftari. Mizunguko midogo ilikuwa imefungwa mitano mitano: huo ni ule wa miaka elfu 100. Na mafungu hayo nayo yalikuwa yamefungwa manne manne: huo ni wa elfu 405. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Njia ya dunia ikiwa duara, haijalishi jua liko karibu mwezi gani, maana umbali ni uleule. Ikivutika kama yai, tarehe inakuwa na nguvu, na hapo ndipo maziwa yanajaa mno na kukauka mno. Kwa hiyo njia inapunguza au kuongeza sauti ya kuyumba, kama mkono kwenye kitufe cha redio.

Mvua mara mbili, mvua mara moja

Kuna jambo moja katika hesabu hizo ambalo mtu wa Kongo atalielewa haraka kuliko mtu wa Ulaya. Karibu na ikweta, jua linapita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba. Ndiyo maana Kisangani au Butembo mvua inazidi mara mbili, wakati Lubumbashi ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hivi mpaka karibu Aprili, kisha ukavu mrefu.

Sasa, ikiwa tarehe ya kukaribia jua inahama polepole ndani ya mwaka, mtu wa Lubumbashi anafaidika nayo mara moja katika kila mzunguko, inapoangukia msimu wake wa mvua. Mtu wa ikweta anafaidika mara mbili: inapoangukia Machi, na inapoangukia Septemba. Kwa hiyo matabaka ya maziwa ya Pangea yaliyokuwa karibu kabisa na ikweta yanaonyesha mapigo ya miaka elfu 10, na yale ya mbali kidogo yanaonyesha mapigo ya miaka elfu 20. Jambo hilo liko kweli kwenye miamba ya mashariki ya Marekani, toka kusini kwenda kaskazini.

Na wanyama walilifuata. Jessica Whiteside na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba katika Triasiki, nchi kavu ikiwa moja bila bahari ya kuzuia mtu, wanyama bado hawakuchanganyika. Jamaa wa mbali wa mamalia walikaa kwenye ukanda wa mvua wa ikweta. Wanyama wadogo waliofanana na mijusi walitawala mikoa yenye kukauka. Hakukuwa na ukuta wowote kati yao isipokuwa mvua, inavyokuja na inavyokosa.

Dinosaria wakubwa wala majani nao walikosa kukaa karibu na ikweta kwa muda mrefu, karibu miaka milioni 30 baada ya dinosaria wa kwanza kuonekana, ingawa kusini na kaskazini walikuwepo. Utafiti wa mwaka 2015 huko Ghost Ranch, New Mexico, ulieleza sababu: hali ya hewa ya huko haikutulia. Ukavu, mvua, moto wa porini, ukavu tena. Mnyama mkubwa anahitaji majani kila siku. Mwaka wa njaa haumsamehe.

Saa isiyopotea

Hapa panakuja jambo ambalo lina uzito kwa sayansi nzima. Kama mapigo ya angani yanajulikana, si mtu anaweza kuyahesabu nyuma kwa kompyuta na kupata tarehe ya kila tabaka? Hapana. Mfaransa Jacques Laskar alionyesha mwaka 1989 kwamba mwendo wa sayari una fujo ndani yake. Kosa dogo sana la mwanzo linakua na kukua. Kupita miaka milioni 50 au 60 nyuma, kompyuta haiwezi tena kusema kwa hakika dunia ilikuwa wapi katika mizunguko yake.

Isipokuwa mmoja. Mzunguko wa miaka elfu 405 unatoka kwenye mvuto wa Zuhura na Mshtarii, na Mshtarii ni mzito mno hata hautikisiki kirahisi. Huo ndio ulioaminiwa kubaki imara. Lakini kuamini si kuona. Mwaka 2013 watafiti walitoboa ardhi ya Petrified Forest, Arizona, ambako matabaka ya Triasiki yana majivu ya volkano yanayoweza kupimwa umri. Kisha wakalinganisha alama za usumaku za Arizona na zile za New Jersey. Mwaka 2018 Kent, Olsen na wenzao walitoa jibu: miaka milioni 215 iliyopita mzunguko ulikuwa ni uleule wa elfu 405. Haujabadilika tangu kabla dinosaria hawajatawala.

Mingine ilibadilika. Leo kuna mzunguko mrefu sana, kama miaka milioni 2,4, unaotokana na dunia na Mirihi kuvutana. Katika maziwa ya New Jersey ulikuwa milioni 1,75 hivi. Yaani tope la ziwa limewaambia wanafalaki kitu ambacho hesabu zao peke yake hazikuweza kuwaambia: Mirihi na dunia zilikuwa zinachezaje wakati ule.

Faida ya saa hiyo inaonekana kwenye kesi moja. Mwisho wa Triasiki, miaka milioni 201 na nusu iliyopita, viumbe vingi sana vilikufa, baharini na nchi kavu. Wakati huohuo hivi lava nyingi ajabu ilimwagika, toka Moroko na Afrika Magharibi mpaka Brazili na Marekani, bara lilipokuwa linapasuka. Mtu anashuku moja kwa moja. Lakini New Jersey palikuwa na tatizo: alama ya kufa iko chini ya lava ya kwanza, kwa umbali wa kama mzunguko mmoja wa kuyumba. Miaka elfu 20! Mshtakiwa alifika baada ya marehemu kuzikwa.

Bila kuhesabu mizunguko, tofauti hiyo ndogo isingeonekana hata kidogo, maana kwenye umri wa miaka milioni 200 miaka elfu 20 ni kama tone la maji kwenye pipa. Mwaka 2013 Terrence Blackburn na wenzake walipima umri wa lava za mahali pengi na kuzilinganisha na saa ya maziwa. Saa ilikuwa sawa. Na lava ya New Jersey haikuwa ya kwanza: kwingine, Moroko ikiwemo, moto ulikwisha kuanza, pamoja kabisa na vifo. Ulimwagika kwa awamu nne ndani ya miaka elfu 600. Gesi ya kaboni iliyotoka na moto huo ilipandisha joto na kuharibu bahari. Awamu ya kwanza ilitosha.

Na joto la sasa?

Swali linalorudi kila habari ya hali ya hewa inapozungumzwa ni hili: kama dunia imekuwa ikibadilika yenyewe miaka milioni zote hizo, kwa nini watu wanasumbuliwa juu ya joto la leo? Eti ni dunia tu inajigeuza.

Wanaouliza hivyo wana haki ya kuuliza, na miamba yenyewe inawajibu. Pigo fupi kabisa katika yote yaliyotajwa hapa ni miaka elfu 10. Joto la sasa limepanda ndani ya miaka 150. Zaidi ya hapo, kwa mapigo ya angani peke yake dunia ingepaswa kuwa inapoa polepole katika miaka elfu chache hizi, si kupata joto. Kilichobadilika haraka ni gesi ya kaboni: kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420. Kwa hiyo jambo la kulinganisha na leo si maziwa ya Pangea yaliyojaa na kukauka kwa taratibu yake. Ni ile awamu ya kwanza ya lava.

Kuhusu Kongo, kazi bado ni nyingi. Kati ya Ubundu na Kisangani, kwenye kingo za mto Kongo, kuna matabaka ya enzi ya Jurasiki, ya wakati bara lile lilipokuwa limekwisha kuanza kuachana. Yalituama katika maziwa, si baharini kama ilivyodhaniwa zamani. Yana chokaa, tope jeusi lenye mafuta, na samaki wa jiwe. Ni tope la namna ileile ambayo New Jersey ilisomwa tabaka kwa tabaka. Maji ya mto yakipungua, mistari yake inaonekana kwenye ukingo, myeusi na ya kijivu, mmoja juu ya mwingine, na wavuvi wanafunga pirogi zao juu yake.